Kiti cha Nyuma, Upande wa Kushoto

Iida, Mkoa wa Nagano
Jumatatu, 2 Februari 2004

Mwalimu Kazahaya,

Theluji ya jana ilifika magotini, na leo jua limetoka likaigeuza matope. Natumaini huko Tokyo kuna afadhali.

Hunijui. Jina langu ni Nishiwaki Tokuji, kinyozi, umri miaka sitini na saba. Nimesoma ukurasa wako wa magari kila mwezi kwa miaka ishirini na mitano, na majarida yote nimeyapanga dukani kwangu. Mteja akiuliza habari za besiboli namwelekeza kwa kinyozi mwingine. Mwaka 1989 ulipoandika "Nguzo ni ya Waoga", niliukata ukurasa ule, nikaenda nao kwa muuzaji wa magari ya Kurehata hapa mjini, nikamwambia, "Nataka hili." Ni Serenata la milango minne, rangi ya chai nzito. Ninalo hadi leo. Ukishusha vioo vyote, kati ya mlango wa mbele na wa nyuma hakuna nguzo, hakuna kitu ila upepo, kama ulivyosema.

Nina ombi. Mjukuu wangu Kaho amepata leseni, na mwezi wa nne anaanza chuo cha uuguzi Matsumoto. Nataka kumpa gari hili. Mama yake, binti yangu Michiyo, hataki. Anataka kumnunulia lile sanduku refu lenye namba za njano za magari madogo na milango ya kuteleza. Tunagombana tangu mwaka mpya. Ameniambia, "Baba, hilo gari lina umri mkubwa kuliko meno yako." Nikamjibu kwamba meno yangu yamenigharimu zaidi na hayajawahi kuamka asubuhi kama gari lile. Akaondoka bila kumaliza chai.

Mimi sina maneno. Najua kukata nywele. Wewe maneno unayo. Niandikie barua moja fupi, nimsomee. Nimepanga kumkabidhi Kaho gari Jumatatu tarehe 5 Aprili, siku ninayofunga duka.

Kwa heshima,
Nishiwaki Tokuji


Setagaya, Tokyo
10 Februari 2004

Bwana Nishiwaki,

Mti wa plamu wa jirani umetoa maua matatu. Nimeyahesabu, kwa sababu sikuwa na la kufanya hadi barua yako ilipofika.

Hii hapa barua ya kumsomea binti yako. Soma kwa sauti na usimeze maneno.

"Bi Michiyo,

Unataka kumnunulia mwanao gari lililochorwa kwa rula. Nalijua. Watu wanne hukaa wima ndani yake kama vijiti vya kulia kwenye kikombe, na ukilitazama kwa nyuma hujui kama ni gari au ni friji lililopata magurudumu. Na zile taa za mbele! Zamani gari lilikuwa na uso wa mtu anayekusalimia. Siku hizi lina uso wa mtu aliyekanyagwa kidole ndani ya treni. Nchi inayotengeneza nyuso za namna hiyo imekasirika, na haijui imemkasirikia nani.

Usidhani haya ni mambo ya urembo tu. Kwa miaka mingi upana wa magari yetu ulichorwa na karani wa kodi. Mita moja na sentimita sabini; ukizidi hapo kodi inaruka. Wachoraji wetu wakajifunza kuchora mto ndani ya mfereji. Wanasiasa nao wakatujengea barabara kuu za kwenda vijijini kwenye nyani wengi kuliko wapiga kura, kisha wizara ikaja kutufundisha kuogopa: nenepesha mlango, ongeza chuma, inua dirisha hadi mtoto asione nje. Mtu akishaogopa hununua ukuta.

Serenata lilichorwa na watu wasioogopa. Shusha vioo vyote vinne utaelewa. Hakuna nguzo katikati. Ni kama nyumba za bibi zetu wakati wa kiangazi, milango ya karatasi ikishatolewa yote na upepo ukapita kutoka bustanini hadi jikoni. Nani aliwahi kumshauri bibi yake asimike chuma katikati ya sebule? Mpe mwanao kitu kizuri angali kijana. Woga atajifunza mwenyewe."

Mipira ya milango ya Serenata hukauka. Ipake silikoni kila vuli.

Wako,
Kazahaya Seiichiro


Iida
21 Februari 2004

Mwalimu Kazahaya,

Mimi ni Michiyo, binti wa Nishiwaki kinyozi. Napika kwenye jiko la chakula cha shule, watoto mia nane kwa siku, kwa hiyo nitaandika kwa ufupi.

Baba aliisoma barua yako mezani, amesimama. Alipofika kwenye friji, Kaho alicheka hadi supu ikampalia. "Mama, umesikia? Mwalimu wa Tokyo anasema unataka kunitia kwenye friji!" Baba akadakia, "Tena rafu ya chini, pamoja na figili." Nami nilicheka. Unaandika vizuri. Tangu siku hiyo nikifungua mdomo kuhusu gari wananijibu kwa maneno yako, na mimi sina yangu.

Kesho yake nilikwenda kulitazama. Nilifungua mlango wa mbele na wa nyuma kwa pamoja. Ni kweli, hakuna kitu. Hapa kwetu kuna malori ya magogo na ya matofaa, na madereva wake wana haraka. Nilijiuliza lori likitokea ubavuni, kitu gani kitalizuia.

Baba anasema mimi si mtu wa magari. Sawa. Wewe ni mtu wa magari, kwa hiyo nakuuliza mambo mawili. Kuna jambo unalolijua kuhusu gari hili ambalo hukuliandika? Na mtoto wako, kama unaye, alipopata leseni ulimpa gari gani? Ukiniambia ulimpa la namna hii, nitanyamaza.

Michiyo


Setagaya, Tokyo
1 Machi 2004

Bi Michiyo,

Mvua ya leo ni ya vuguvugu, majira yamegeuka.

Umeuliza kama mama anavyopaswa kuuliza. Serenata lilitimiza kila sheria ya nchi siku lilipoingia sokoni. Wahandisi wa Kurehata ni watu makini, nimewafahamu miaka mingi. Tena usalama wa kweli umo mikononi mwa dereva, na gari linalomwonyesha nje pande zote humfanya awe macho kuliko lile linalomfungia ndani. Hayo nimeyaandika mara nyingi na sijaona sababu ya kuyabadili.

Nina mwana mmoja. Anaishi ng'ambo na anapanda treni. Magari hayampendezi, na hiyo nadhani ndiyo adhabu yangu.

Baba yako amelitunza gari lile kwa miaka kumi na mitano. Mwamini.

Kazahaya Seiichiro


Iida
Jumatatu, 8 Machi 2004

Mwalimu,

Theluji imebaki kwenye vilele tu, na vijito vimeanza kupiga kelele.

Tumeshinda! Michiyo alikuja jana na barua yako mkononi, akaiweka karibu na mashine ya kuchemshia taulo, akasema, "Mwalimu amejibu. Basi." Wateja wawili walipiga makofi.

Gari limepita ukaguzi. Fundi alizunguka akiligonga bati kwa kidole, akasema, "Mzee, magari kama haya hawatengenezi tena." Nikamwambia ndiyo maana namwachia mjukuu. Kaho ameshaliendesha mara tatu nikiwa pembeni. Anashika usukani kama anashika bakuli la uji wa moto, lakini atazoea. Amewaahidi wenzake watatu watakaokuwa naye bweni kwamba atawabeba. Nimeosha vitambaa vya viti vya nyuma kwa ajili yao.

Nakutumia kaki, matunda tuliyoyakausha wenyewe chini ya paa. Ni kidogo, lakini ni za mti wetu. Familia hii ina deni kwako lisilolipika.

Nishiwaki Tokuji


Setagaya, Tokyo
19 Machi 2004
Kwa posta ya haraka

Bwana Nishiwaki,

Usimpe Kaho gari lile.

Sikuanza na hali ya hewa. Unajua ni barua za namna gani zinazoanza hivyo: za msiba na za kuomba radhi.

Novemba 1988 Kurehata walitualika waandishi sita kwenye uwanja wao wa majaribio kuonyeshwa injini mpya. Baada ya chakula cha mchana nilitafuta choo, nikafungua mlango wa banda ambalo silo. Ndani kulikuwa na Serenata jeupe, miezi miwili kabla halijaanza kuuzwa. Lilikuwa limegongwa ubavuni na kitoroli cha chuma. Mlango wa nyuma wa kushoto ulikuwa umeingia hadi katikati ya kiti. Pale ambapo nguzo ingekuwepo, paa lilikuwa limekunjika. Kwenye kiti kulikuwa na mwanasesere wa majaribio. Kifua chake kilikuwa kimebaki na upana wa kiganja changu.

Mhandisi mmoja alikuwa amechuchumaa akipima kwa utepe. Alisimama, akainama, akasema, "Mwalimu, choo kiko mkono wa kulia."

Nikasema, "Samahani."

"Mwalimu hajaona kitu."

"Sijaona kitu," nikamwambia.

Nikaenda chooni. Niliporudi walikuwa wanatugawia keki.

Hawakunipa chochote cha kuninyamazisha. Wangenipa, leo ningekuwa na kitu cha kurudisha. Sisi waandishi wa magari tuna desturi: mwalikwa haoni ambacho hakualikwa kukiona. Akiona, haalikwi tena. Sheria ya wakati ule haikudai gari lijaribiwe kwa kugongwa ubavuni, kwa hiyo Kurehata hawakuvunja sheria, nami nikajiambia kwamba sikuwa na habari ya kuandika. Tena nililipenda umbo lile. Bado nalipenda. Miezi mitatu baadaye niliandika "Nguzo ni ya Waoga". Niliiandika kwa saa mbili na sikufuta mstari.

Mwaka 1993 mwanangu Yasuhiro alipata leseni. Alitaka Serenata kwa sababu ya ukurasa wangu; alikuwa ameubandika ukutani. Nilimwambia linakunywa mafuta mno. Nikamnunulia gari kuukuu la kampuni nyingine, zito, baya kama sanduku la zana, lenye nguzo nene kama mkono wangu. Hakunielewa, na hakulipenda, na sikumweleza.

Binti yako aliniuliza hilo waziwazi. Nilimjibu kwamba mwanangu anapanda treni. Ni kweli anapanda. Niliichagua sentensi hiyo kwa makini, kama ninavyozichagua zote.

Nilikuwa na siku kumi na nane za kukuandikia hivi, tangu nilipoutuma uongo ule. Barua yako ya tarehe 8 ilipofika, ikiwa na habari ya wasichana watatu watakaokaa nyuma, bado nilichukua siku nyingine kadhaa. Kaki zimo kwenye boksi lake. Sijala hata moja.

Kazahaya Seiichiro


Iida
Jumatatu, 22 Machi 2004

Bwana Kazahaya,

Barua yako ilifika Jumamosi nikiwa na mteja mwenye povu usoni. Nilimwomba asubiri. Nikaisoma mara mbili, kisha nikamnyoa. Sikumkata.

Nilimwonyesha Michiyo. Alisema, "Niliposoma jibu lake nilijua hajajibu. Lakini nilikuwa nimechoka kushindana nanyi wawili." Nikamwambia anisamehe. Akasema, "Baba, kunywa chai yako." Kaho naye akasema, "Babu, si kosa lako." Hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu ni kosa langu pia, na nitakueleza.

Mke wangu Fusae alifariki kwa saratani mwaka 2001. Gari lile hakulitaka. Siku ya kwanza, pale pale kwa muuzaji, aliufunga mlango wa nyuma akasema, "Baba Michiyo, mbona unatikisika kama mlango wa karatasi? Hapa nitaegemea nini?" Nikatoa ukurasa wako mfukoni nikamsomea mbele ya watu. Nguzo ni ya waoga. Muuzaji akacheka, nami nikacheka. Fusae akainamisha kichwa akaomba radhi. Alimwomba radhi muuzaji kwa kusema neno la kijinga kuhusu gari lake. Hakulisema tena mpaka anakufa.

Yeye aliona kwa kuufunga mlango mara moja. Nilimnyamazisha kwa maneno yako, na mwaka huu nimemnyamazisha binti yake kwa njia ile ile. Sina uso wa kukulaumu peke yako.

Sitaki radhi yako wala zawadi. Nataka uje. Jumatatu ijayo, tarehe 29, basi la saa tatu asubuhi kutoka Shinjuku hufika hapa saa saba mchana. Nitakuwa kituoni. Utakaa kiti cha nyuma, upande wa kushoto. Nitaendesha njia tuliyokuwa tukipita kila Jumatatu na Fusae na Kaho alipokuwa mdogo, hadi bafu la maji moto na kurudi. Kuna makutano manne. Huna haja ya kusema lolote.

Nishiwaki


Setagaya, Tokyo
31 Machi 2004

Bwana Nishiwaki,

Nimefika salama. Nakushukuru kwa kunifikisha kituoni, ingawa hukuwa na wajibu huo.

Safari ilichukua dakika hamsini na hatukuongea, kama ulivyotaka. Nilikaa pale uliponionyesha, kushoto, mkono juu ya mlango, mwanzo hadi mwisho. Nilidhani nastahili kukaa hapo na nikakaa. Sisemi hivi kujisifu. Nasema kwa sababu ni kitu kimoja ulichoniomba, na nisingependa uwe na shaka kwamba nimekifanya.

Jana nimempelekea mhariri ukurasa wangu wa mwisho. Nimeandika kila kitu: banda, kitoroli, mwanasesere, mhandisi, keki, na gari nililomnunulia Yasuhiro. Mhariri aliusoma akaniuliza kama naumwa. Nilimwambia asipouchapa nitaupeleka kwingine. Amesema utatoka toleo la mwezi wa tano. Nimemwandikia Yasuhiro pia. Bado hajajibu.

Kazahaya Seiichiro


Iida
Jumatatu, 5 Aprili 2004

Bwana Kazahaya,

Gari limeondoka asubuhi hii. Mnunuzi wa vyuma chakavu alilipandisha kwenye lori akaniuliza kama nataka kubaki na nembo. Nilikataa. Michiyo na Kaho wamekwenda kwa muuzaji tangu saa nne. Watachagua wenyewe na sijawapa maoni.

Umeandika kwamba ulikaa kushoto, mkono juu ya mlango, mwanzo hadi mwisho. Si kweli, na wewe unajua si kweli. Kioo cha ndani cha kutazamia nyuma nilikielekeza kwako tangu kituoni.

Makutano ya kwanza ulikaa. Ya pili ni yale ya kiwanda cha nyuzi za kufungia zawadi. Taa yetu ilikuwa ya kijani, na upande wa kushoto lori la magogo lilikuwa linakaribia mstari. Ulifungua mkanda, ukiukandamiza kwa kidole gumba usilie, ukasogea katikati ya kiti. Tulipovuka ukarudi ukaufunga. Makutano ya tatu ulisogea kabla hatujafika. Baada ya hapo hukurudi tena. Makutano ya nne ulikuwa katikati, magoti pamoja, unatazama mbele kama mtoto.

Sikukuita ili nikuone ukiogopa. Umeandika maneno mengi mazuri maisha yako yote, na barua ile ya tarehe 19 nayo iliandikwa vizuri. Nilitaka kuona jambo moja ambalo hukuliandika. Nimeliona.

Na mimi niseme langu. Makutano yote manne nilipunguza mwendo, taa zikiwa za kijani, kitu ambacho sijawahi kukifanya kwa miaka kumi na mitano. Nilijifanya natazama dirisha la duka. Wazee wawili ndani ya gari moja, kila mmoja akimficha mwenzake.

Kama ukurasa wako haujapigwa chapa, ongeza hayo. Yangu pia, na jina langu.

Fusae alikaa kiti kile miaka kumi na miwili. Kichwa cha Kaho kilikuwa mapajani mwake, na bega lake limeegemea mlango. Tulipofika makutano ya pili kwa kawaida alikuwa ameshalala. Hakuwahi kusogea.

Nishiwaki Tokuji